Kumpokea mtoto aliyekosa malezi: mwongozo kamili kuanzia siku ya kwanza

Mwongozo huu ni wa bibi, shangazi, mjomba au mama mkubwa aliyeletewa mtoto ambaye hakuwa na mtu wa kumlea. Namzungumzia mtoto aliyefungiwa ndani kutwa nzima, aliyeachiwa kaka yake mwenye miaka sita, au aliyeishi na mzazi mlevi au mgonjwa asiyejiweza. Alishinda na njaa na uchafu, na hakuna aliyemsemesha.

Mtoto wa namna hiyo akiingia kwenye nyumba yenye chakula na watu wema, kila mtu hutegemea kwamba atanenepa, atachangamka na atashukuru. Kunenepa ananenepa. Hayo mengine hayaji, na maswali yanaanza. Mbona anaficha ugali chini ya godoro? Mbona akianguka halii? Mbona anamrukia mgeni yeyote halafu mimi ananikwepa? Baada ya miezi michache ndugu wanakaa kikao cha kumhamishia kwingine.

Wengi wanaoshindwa wanakwama mahali pamoja: wanaanza na adabu na shule. Anza na mwili, kisha uhakika wa chakula, kisha mtu mmoja asiyebadilika, kisha maneno na mchezo. Mafunzo yanakuja baada ya hayo. Ukiruka hatua utalazimika kurudi uianze.

## Andaa hivi kabla hajaingia

- Kadi yake ya kliniki, hata kama imechanika. Kama haipo, tafuta jina la mama na kituo alikojifungulia.
- Daftari na kalamu.
- Sahani, kikombe na kijiko vyake mwenyewe, vya rangi isiyofanana na vya wengine.
- Kopo au kikapu chenye mfuniko, kitakachokaa mahali anapofikia bila msaada.
- Godoro au mkeka wa kulalia karibu na wewe, mpira wa kutandika juu ya godoro, na shuka za kubadilisha.
- Taa ndogo ya usiku. Ya sola inatosha.
- Khanga moja ya nyumbani ambayo utaijifunga kila siku ukiwa naye.
- Unga wa uji, karanga za kusaga, dagaa, mafuta ya kula, mayai, ndizi.
- Mtu mmoja atakayekuwa mlezi mkuu, na mwingine wa kumpokea anapochoka.

Hicho cha mwisho hakinunuliwi, na kikikosekana vingine vyote havitasaidia. Midoli ya dukani, televisheni na nguo za sikukuu nimeziacha nje ya orodha makusudi.

## Hatua ya 1: Maliza habari ya karatasi

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, na kutoka hapo kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia jambo hili, na Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011. Kenya utakwenda kwa afisa wa watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kama mtoto bado yuko kwenye hatari na hujui uanzie wapi, piga 116 bila malipo. Namba hiyo ya huduma kwa watoto inatumika Tanzania, Kenya na Uganda.

Watu huiacha hatua hii kwa sababu "ni damu yetu, barua ya nini?" Barua ni ya siku ile baba yake atakapokuja usiku amelewa kumchukua. Ni ya hospitali pia, na ya shule. Zaidi ya yote inamlinda mtoto asihamishwe tena, maana kila anapohamishwa anajifunza kwamba watu hawadumu.

Mzazi akiwa hai, usimtukane mbele ya mtoto wala usimkatalie kabisa. Panga na afisa siku na mahali pa kuonana, na uwepo wakati wanaonana.

Umemaliza hatua hii ukishika barua yenye mhuri na namba ya simu ya afisa mwenye faili la mtoto.

## Hatua ya 2: Hospitali kabla ya kumshibisha

Tafadhali usianze na pilau ya kumkaribisha. Mwili uliozoea njaa umepunguza kazi ya moyo, figo na ini. Ukiujaza chakula kingi ghafla, madini kama potasiamu na fosfeti yanashuka haraka kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa. Watoto wenye utapiamlo mkali hufa hivyo katika siku za kwanza za kushibishwa, mikononi mwa watu wanaowapenda.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 atapimwa mkono wa juu kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kutoka 12.5 kwenda juu ni kijani.

Kipimo kingine unakifanya mwenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu hadi tatu, uachie. Shimo likibaki, miguu imevimba kwa utapiamlo. Huyo anahitaji hospitali hata kama mashavu yake yamejaa. Mashavu hayo yamedanganya wengi.

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya: mwili wa baridi, kulegea, usingizi usioamshika, kukataa kula kabisa, homa, kutapika kila kitu, kuhara, degedege. Njiani mfunike na umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa sababu watoto hawa hupoteza joto upesi.

Maonyo mawili. Kwanza, usimpe dawa ya kuongeza damu kwa kujiamulia. Madini ya chuma katika siku za mwanzo yanaweza kuzidisha maambukizi. Pili, akiwa na utapiamlo mkali na anaharisha, usimkorogee maji ya chumvi na sukari kwa kukadiria. Wahudumu wana mchanganyiko wake maalumu.

Akipewa chakula dawa, zile pakiti za karanga, ni vyake peke yake. Usiwagawie binamu zake, hata wakililia.

Omba apimwe malaria, wingi wa damu, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, selimundu na macho. Uliza chanjo alizokosa, hasa surua na rubela, ambazo Tanzania hutolewa akiwa na miezi 9 na tena 18. Uliza matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Miguuni wahudumu waangalie funza, mwilini upele. Aliyefungiwa ndani muda mrefu anaweza kuwa na matege kwa kukosa jua na vitamini D, na hayo yana tiba.

Masikio nayasisitiza. Mtoto asiyesema huitwa bubu au mzito wa akili kabla hajachunguzwa masikio, na wakati mwingine kuna usaha wa miezi mingi ndani yake. Asiyesikia hatasema, hata umsemeshe kutwa.

Ukiona dalili za kuingiliwa kimwili, kama maumivu sehemu za siri, kutokwa damu au uchafu, au maneno na vitendo vya kikubwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Nenda kituo cha mkono kwa mkono, yaani kile chenye matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, au hospitali kubwa iliyo karibu. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Matibabu yatangulie, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wafuate.

Ukitoka hospitali uwe na mambo matatu daftarini: uzito na urefu wa siku ya kwanza, orodha ya matatizo yaliyopatikana, na tarehe ya kurudi.

## Hatua ya 3: Mwoneshe kwamba chakula hakiishi

Tuseme amepimwa na daktari ameruhusu alelewe nyumbani. Mpe kidogo kidogo mara nyingi: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu katikati, saa zilezile kila siku. Uji uwe mzito kiasi, wenye karanga au maziwa na kijiko cha mafuta. Mboga ichanganywe na maharage, dagaa au yai. Uji mwepesi hujaza tumbo tu, na mtoto anabaki na njaa.

Atakula mpaka atapike. Atanyang'anya. Ataficha mkate kwenye mto, ndizi kwenye viatu, na siku moja utafuata harufu mpaka ukute nyama nyuma ya kabati. Watu wazima huona hapo wizi na uroho. Yeye anaweka akiba, kwa sababu kwa ujuzi wake wote wa maisha sahani ya leo haiahidi sahani ya kesho.

Fanya hivi:

1. Mpe lile kopo lenye mfuniko. Weka ndani vitu visivyooza upesi: mhogo uliochemshwa asubuhi hiyo, ndizi, mkate mkavu. Mwambie ni lake, na ale wakati wowote bila kuomba.
2. Kila jioni ondoa vilivyochacha na ujaze tena yeye akiona. Akikuta kopo tupu asubuhi hata mara moja, umerudi nyuma.
3. Mezani au mkekani mpakulie wa kwanza, kidogo, na mwambie kuna kingine. Akimaliza ongeza kidogo.
4. Ukikuta alichoficha, kitoe kimya na ubadilishe na kisichooza. Usimwite mbele ya watoto wengine kumwonesha.

Wazee watalalamika kwamba unamdekeza. Waambie ni dawa na ina muda wake.

Kamwe usimnyime chakula kama adhabu, hata siku aliyovunja simu. Kwa mtoto mwingine ni kunyimwa mlo mmoja. Huyu anarudi alikotoka.

Utajua umefika atakapoacha chakula kwenye sahani na kwenda kucheza. Kopo litaanza kusahauliwa. Kwa wengine ni suala la wiki, kwa wengine ni zaidi ya mwaka, na kunaweza kurudi kidogo anapoumwa au nyumba inapopata msiba.

## Hatua ya 4: Mikono ya mtu mmoja

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote katika nyumba zetu, kwa sababu nyumba zetu zina mikono mingi. Mtoto anayepita kwa bibi, dada wa kazi, jirani na shangazi anakua vizuri kabisa ikiwa tangu uchanga alikwisha kuwa na mtu wake. Huyu hana. Hajawahi kulia akajibiwa na mtu yuleyule mara elfu, na kutokana na majibu hayo ndipo ubongo wa mtoto hujenga uwezo wa kutulia, kuamini na kuwa makini.

Ushahidi mkubwa zaidi tulionao umetoka Romania. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka Desemba 1989, dunia iliona maelfu ya watoto kwenye makao ya serikali. Walilishwa kwa zamu na wahudumu waliokuwa na watoto wengi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti mjini Bucharest waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao hayo. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwenye familia. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki, na waliozipata kabla ya miaka miwili ndio waliopona zaidi. Chakula makaoni kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu.

Kwa hiyo, kwa miezi ya mwanzo, mlezi mkuu peke yake ndiye amlishe, amwogeshe, amlaze na ambembeleze. Wengine wanaweza kucheza naye na kumsalimia. Anapoumia, hata kama shangazi ndiye aliye karibu, amshike mkono amlete kwa mlezi.

Kuna jambo litakalowachanganya majirani. Mtoto huyu anaweza kumkumbatia muuza maji, kumkalia mgeni mapajani na kumfuata mtu asiyemjua hadi barabarani. Watamsifu kwamba hana kinyongo. Hiyo ni dalili ya kukosa mtu wa kumtofautisha na wengine, na inamweka kwenye hatari ya kila mwenye nia mbaya. Waambie wageni kwa upole: "Msalimieni kwa mkono, mbebaji wake ni mimi." Kisha mchukue, umrudishe pajani kwako. Kati ya dalili zote za watoto wa Romania, hii ilikuwa miongoni mwa zilizokawia sana kuondoka, hata kwenye familia nzuri. Usikate tamaa ikikawia kwako.

Na akikukwepa wewe? Usimlazimishe akutazame au akukumbatie. Kaa karibu ukifanya kazi yako, chambua mchele, menya vitunguu, na ongea naye bila kudai jibu. Mwache aje.

Dalili njema hapa inaonekana kama balaa. Mtoto aliyekuwa mkimya ataanza kulia ukienda chooni, atakung'ang'ania gauni, atakupiga. Walezi wengi hukata tamaa wakati huohuo na kusema ameharibika. Hapo ndipo ameanza kuwa na mtu wa kumpoteza.

## Hatua ya 5: Siku ifanane na jana

Kuamka, kunawa, uji, jua la asubuhi, kucheza, kula, kulala mchana, kuoga, kula, hadithi, kulala. Mpangilio usibadilike, na utaje kinachofuata kabla hakijaja: "Tukimaliza kula tunaoga." Anayejua kinachofuata haogopi sana, na asiyeogopa anaanza kujifunza.

Punguza wageni, sherehe na safari miezi ya kwanza. Arobaini ya jirani inaweza kumrudisha nyuma kwa wiki.

## Hatua ya 6: Usiku

Mlaze chumba kimoja na wewe, godoro lake karibu na lako, taa ndogo ikiwaka. Kumweka chumba cha peke yake, au chumba cha watoto wakubwa, kunangoja.

Atajibembeleza mwenyewe kwa kujitikisa mbele na nyuma, kugonga kichwa kwenye ukuta au kunyonya vidole hadi vichubuke. Wapo watakaosema ni mashetani. Sibishani na imani ya mtu, lakini mtoto aliyelia miezi mingi bila kujibiwa hujifunza kujituliza kwa mwili wake, na hivi ndivyo anavyofanya. Usimshike kwa nguvu kumzuia. Weka mto kati yake na ukuta, mwekee mkono mgongoni ukikubaliwa, imba kwa sauti ya chini wimbo uleule kila usiku. Ile khanga yako mfunike nayo. Harufu yako itambakia ukigeuka upande wa pili.

Kukojoa kitandani usikutangaze. Badilisha shuka, mpe nguo kavu, lala. Kumtembeza na godoro kichwani ili watoto wamcheke, kama wengine wanavyofanya, kutaongeza mikojo.

Akianza kukuita gizani badala ya kujitikisa, hatua hii imeshika.

## Hatua ya 7: Maji, mguso na maumivu

Hapa kuna mambo madogo yanayoshtua. Mtoto anaweza kupiga kelele akiguswa na maji, au akakanyaga kaa la moto asitamke neno. Kwenye maji anza na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, miguu kwanza, yeye akishika kopo lake ajimwagie. Mpake mafuta taratibu kila baada ya kuoga, ukitaja kila kiungo: mkono, kiwiko, goti. Dakika hizo za mafuta zinafanya kazi tatu kwa pamoja, za ngozi, za mguso na za maneno.

Kuhusu maumivu, mkague kila jioni, nyayo, vidole, masikio, kwa sababu hatakwambia. Ukikuta kidonda kidogo kifanyie jambo kubwa: "Pole mama, umeumia, ngoja nioshe." Kwa mtoto wa kiume sema "pole baba". Unamfundisha kwamba mwili wake una mwenyewe na kwamba maumivu hujibiwa.

Siku atakayojikwaa, akalia, akakukimbilia akionesha kidole, iandike daftarini kwa wino mzito.

## Hatua ya 8: Maneno na mchezo

Usiangalie umri wa kwenye kadi. Mwangalie anafanya nini. Kwa kawaida mtoto hukaa bila kushikiliwa kabla ya kutimiza miezi 9 hivi, hutembea mwenyewe kufikia miezi 18, na karibu miaka 2 anaunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Wako ana miaka minne na hana maneno mawili? Kwenye lugha mchukulie kama wa mwaka mmoja, bila aibu. Mbebe mgongoni. Cheza naye kujificha nyuma ya khanga na kuibuka.

Mchezo wenyewe una kanuni moja: yeye anatangulia, wewe unajibu. Akigonga sufuria, gonga nawe. Akitazama kuku, sema "kuku". Akitoa sauti yoyote, irudie, unyamaze, umngoje. Kungoja huko ndiko watu wazima tunakoshindwa. Tunajaza ukimya kwa maswali: hii nini, sema, sema tena. Mtoto asiye na maneno akiulizwa maswali kumi anajifunga.

Vifaa viko jikoni: vifuniko vya chupa vya kupanga, makopo ya kuingizana, maji na kikombe, mchanga, kitambaa. Vifuniko vidogo na mbegu avichezee ukiwepo, maana bado anatia kila kitu mdomoni. Jioni mpe hadithi fupi ileile kila siku, na umwitikie mwenyewe "hadithi njoo" mpaka siku atakayoitikia yeye.

Simu na televisheni vizime. Katuni haijibu mtoto akitoa sauti, na huyu amekwisha kukaa na vitu visivyojibu vya kutosha.

Watoto wa nyumbani wawe na muda wa kucheza naye ukiwa karibu. Usiwalazimishe kumgawia vitu vyao vyote. Wakimchukia atalipia yeye. Mwanzoni usiwaache peke yao, kwa sababu anaweza kuumiza au kuumizwa bila mtu kujua.

Tafuta kwanza kutazamana, kisha kuonesha kwa kidole, kisha kuiga sauti. Neno linakuja nyuma ya hayo. Akikuonesha ndege kwa kidole na kugeuka kuona kama nawe umeona, hata kabla ya kusema, umepiga hatua kubwa.

## Hatua ya 9: Anapokosea

Fimbo haitafanya kazi kwake, na sababu ni za kawaida tu. Aliyekuwa haonekani kabisa anaweza kuona kupigwa ni afadhali kuliko kusahauliwa, hivyo atarudia kosa. Au ataganda, macho yatatazama mbali, na wewe utadhani ni kiburi. Kwa hofu hiyo hasikii hata neno moja la mafunzo yako.

Kumfungia chumbani ni kubaya zaidi. Hata kumtuma akae kona peke yake, adhabu inayosifiwa sana siku hizi, kwa mtoto huyu ni upweke uleule uliomdhuru. Badala ya kumtenga, mweke karibu: "Umempiga mwenzako. Njoo ukae hapa na mimi mpaka mkono utulie." Keti naye. Akitulia mwoneshe cha kufanya, kwa mfano kumpelekea mwenzake maji. Maneno machache, sauti ya chini.

Chagua makosa mawili tu ya kushughulikia kwa wakati mmoja, kwanza yale ya hatari kama moto, barabara na kuumiza wengine. Kula kwa mikono yote miwili kunaweza kusubiri mwakani.

Usimtishie kwamba utamrudisha kwao. Hata kwa utani, hata mara moja.

## Hatua ya 10: Shule

Usikimbilie. Mtoto ambaye hajawa na mtu wake nyumbani atapotea kwenye darasa la watoto themanini. Anza na chekechea ya karibu kwa saa chache, mlezi akae naye siku za mwanzo, kisha mwache kwa muda mfupi na urudi saa uliyosema.

Mwalimu ajue mambo matatu tu: aruhusiwe kuwa na kitafunwa mfukoni, asichapwe, na asiruhusiwe kuondoka na mtu yeyote isipokuwa wewe. Historia yote ya familia si ya chumba cha walimu.

Akiwa nyuma kimasomo, kumbuka habari nyingine ya Romania. Miongoni mwa watoto wa makao ya huko walioasiliwa Uingereza, waliofika kabla ya kutimiza miezi 6 wengi walikua sawa na wenzao. Waliokaa makaoni zaidi ya hapo walibeba matatizo zaidi ya umakini na mahusiano. Lakini hata katika kundi hilo wapo waliokua bila tatizo, na wengi waliokuwa nyuma kiakili utotoni walikuwa wamewafikia wenzao walipokuwa watu wazima. Kwa hiyo matokeo ya darasa la pili yasikufanye uamue lolote kubwa.

## Hatua ya 11: Daftari

Kila Jumapili andika mistari mitano: amekula vipi, amelala vipi, sauti au neno jipya, nini kilimtisha, na wewe mwenyewe ukoje. Kila mwezi ongeza uzito, na urefu kila miezi mitatu. Mtoto aliyedumaa kwa upweke pamoja na njaa mara nyingi hurefuka ghafla akishatulia, hata suruali zinakuwa fupi kabla hazijachakaa.

Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na ukurasa wa kwanza.

Rudi hospitali, na safari hii uliza daktari wa watoto au wa afya ya akili, ukiona haya: uzito unashuka au umesimama, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, anajiumiza au anaumiza wanyama na watoto, au miezi sita imepita hakuna hata dalili moja kati ya nilizotaja. Peleka daftari. Dakika tano za daktari zitakuwa na maana zaidi akiwa na maandishi mbele yake.

Mstari wa tano, unaokuhusu wewe, usiuruke. Ukikuta umeandika "nimechoka" wiki tatu mfululizo, yule mpokeaji wako achukue kupika, kufua na soko. Mtoto abaki nawe.

## Hatua ya 12: Ukilazimika kusafiri

Msiba utatokea, na utaitwa. Ukitoroka akiwa amelala ili asilie, utakuta umefuta kazi ya miezi.

1. Mwambie mchana, akiwa ameshiba, hata kama hasemi: "Kesho nakwenda kwa bibi. Nitalala huko. Nitarudi."
2. Mpigie vifundo kwenye kamba, kimoja kwa kila usiku utakaokuwa haupo. Mpokeaji wako afungue kimoja pamoja naye kila asubuhi.
3. Muachie khanga, kopo limejaa, na ratiba ileile. Mpokeaji alale chumba hichohicho na aimbe wimbo huohuo.
4. Aga ukiwa umesimama mlangoni. Atalia, mwache alie mikononi mwa mpokeaji, nawe uondoke bila kurudi mara mbili mbili.
5. Piga simu saa ileile kila jioni asikie sauti.
6. Rudi siku uliyosema. Ukichelewa, mpokeaji aongeze kifundo kingine kwenye kamba, nawe umpigie mtoto simu kumwambia.

Ukirudi anaweza kukupa mgongo, akajifanya hakujui na kwenda kumkumbatia mpokeaji. Usimwite asiye na shukrani. Weka mizigo chini, keti sakafuni karibu naye, fungua kopo uangalie kilichobaki, kisha anza kulijaza.